Mlango wa kuingilia umejaa, mlango wa kutokea wameufunga

Ba yaya na ba leki, vijana wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na ninyi wote mnaotusoma na mega za mwisho kwenye simu,

Jumapili moja usiku, mvua za kwanza zimeanza, lori la shaba liligonga leki wa mmoja wetu kwenye barabara ya Kasumbalesa. Ana miaka 19, anauza unite na kuchaji simu za watu pembeni ya soko. Motari aliyemuokota hakuuliza nauli. Alimuweka katikati, kijana mwingine akapanda nyuma kumshikilia, mguu unaning'inia, wakakimbia hivyo mpaka hospitali. Ambilansi? Tusichekeshane.

Walifika saa nne ya usiku. Sisi tulifika saa tano, tukamkuta chini, juu ya kartoni ya televisheni, kwenye korido ya chumba cha dharura, ile fasi sote tunaita urgence. Hakuwa peke yake. Tulihesabu watu 11 kwenye korido: mtoto wa malaria anatetemeka kwenye magoti ya bibi yake, baba wa presha, mwanamke mjamzito ameegemea ukuta, kijana aliyechomwa kisu, na wengine ambao tuliogopa kuwaangalia sana. Wauguzi walikuwa wawili kwa wote. Wawili. Mmoja wao, tulikuja kujua asubuhi, ana miaka 6 kazini na bado hana namba ya matrikule. Maana yake Leta haimjui na haimlipi.

Na hapo ule mchezo tunaoujua sote ukaanza. Glavu, nunueni. Kompresi, nunueni. Serumu, sindano, plasta, karatasi ya fishi. Farmasi ya ng'ambo ya barabara ina bei ya mchana na bei ya usiku. Kisha kosyo ya dola 100, ndipo munganga aguse mfupa. Umeme ulikatika saa saba. Tukawasha tochi za simu, na muuguzi akatafuta mshipa wa mgonjwa kwa mwanga wa simu iliyobaki na asilimia 9. Huku nje wengine wetu tunapigia watu simu, tunaamsha kundi zima: huyu dola 2, yule franka 5,000, yaya mmoja wa Kolwezi dola 20, Mungu amuongezee. Saa tisa ya usiku kosyo ilitimia.

Munganga wa zamu alikuja. Kijana kama sisi, macho mekundu. Akaangalia mguu, akatuangalia, akasema: "Bana, siwezi kupasula mutu kama sina kitanda ya kumulalisha nyuma. Mungoje." Tukangoja. Kitanda kilipatikana Jumatatu saa sita ya mchana. Mguu ulikuwa umekwisha kuwa baridi. Waliukata juu ya goti.

Hatutaji jina la hospitali. Si kwa woga. Ukisoma hii ukiwa Bunia, Kananga ao Kindu, utasema ni ile ya kwenu, na utakuwa na haki.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Siku zile za kumlinda leki yetu tulikuwa na nafasi ya kuzunguka. Wodi ya upasuaji ina vitanda 16. Tulipita kitanda kwa kitanda, tukasalimia, tukauliza. Watu 6 kati ya wale 16 walikuwa wamepona. Wamevaa nguo zao za kawaida, wanafua, wanachota maji, wanasaidia kulisha wagonjwa wengine. Mama mmoja aliyepasuliwa tumbo alikuwa na wiki 5 tangu munganga aandike kwamba anaweza kurudi nyumbani. Tulimuuliza anangoja nini. Alicheka kidogo: "Miye nilisha pona zamani. Fakture njo ingali na ugonjwa."

Mmeelewa? Leki yetu alilala juu ya kartoni masaa 14 na mfupa unaonekana, na hatua 40 kutoka pale kulikuwa na vitanda 6 vya watu wazima wa afya ambao walinzi wa geti wanawakataza kutoka.

Kila mara tunapolalamika juu ya msongamano wa chumba cha dharura, bakubwa wana jibu moja: watu ni wengi. Mji umekua, wakimbizi wa vita wamekuja, watu wa Kasai wanakuja, vijijini hakuna waganga, basi wote wanaangukia mlango mmoja. Hatusemi ni uongo. Lubumbashi imekua, macho tunayo. Lakini hiyo ni nusu ya hesabu. Chumba cha dharura ni kama pipa la maji. Pipa halijai kwa sababu tu bomba linaleta maji. Linajaa kwa sababu chini hakuna pa kutokea. Mgonjwa wa dharura akishatulizwa anapaswa kupanda wodini. Wodi imejaa, basi anabaki korido. Anayekuja nyuma yake anabaki chini. Anayekuja nyuma ya huyo anafia kwenye moto mbele ya geti. Na wodi imejaa nani? Imejaa wafungwa wa fakture.

Tunasema wafungwa kwa kupima neno. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawezi kumuweka mtu zaidi ya masaa 48 bila kumfikisha mbele ya hakimu. Masaa 48! Na huyo ni mtu anayeshukiwa wizi, ao hata uuaji. Mama aliyepasuliwa tumbo hakuiba kitu. Amekaa wiki 5. Hakimu gani alitia sahihi? Gereza gani limeandikwa kwenye geti la hospitali? Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo kinasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya makosa ya jinai inaadhibu mtu anayemuacha mwenzake kwenye hatari bila kumsaidia huku angeweza. Sheria za nchi hii ni nzuri kuliko viongozi wake, hiyo tumeshazoea.

Leki yetu naye akaingia kwenye hesabu. Alipona baada ya wiki 3. Fakture: dola 640. Tulikuwa tumechanga dola 210. Wakamzuia siku 17. Tunataka msome vizuri hapa: siku 17 alikaa juu ya kitanda kile amepona, na kila usiku wa siku hizo kuna mtu alilala chini kwenye korido akingoja kitanda chake. Yeye mwenyewe alikuwa anasikia kelele zao. Alituambia usiku mmoja alimuomba mlinzi alale yeye chini, mwenye homa apewe kitanda. Mlinzi alimjibu kwamba vitanda haviko kazi yake, kazi yake ni geti.

Na hata kwa hesabu ya duka ni upumbavu. Kijana aliyefungwa hauzi unite, hatafuti, halipi. Kila siku anakula nafasi ya mgonjwa mwingine ambaye angelipa kitu. Hospitali inapoteza mara mbili ili kuonyesha kwamba ina meno. Mtu wa bukari pale sokoni, ambaye hakusoma menejimenti, angeona hilo kwa siku moja.

Basi nani aliamua hivi? Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu vijana wengi wanapiga makelele kwa muuguzi wa zamu kisha wanarudi nyumbani wakifikiri wamepambana na mfumo.

Muuguzi hakuamua. Hospitali kuu ya zona ya afya ina munganga mkurugenzi, ina msimamizi wa mali na fedha, ina mkuu wa wauguzi. Hao wanakaa kamati. Juu yao kuna munganga mkuu wa zona. Juu yake kuna divizyo ya afya ya jimbo, kuna minisitiri wa jimbo, kuna gavana, kisha Kinshasa. Nchi nzima ina zona za afya 519. Utaratibu huu si mbaya hata kidogo. Ulianza kupangwa miaka ya 1980, na kwenye karatasi ni safi: mgonjwa anaanzia kituo cha afya cha mtaa, akizidiwa anatumwa hospitali kuu ya zona, na hospitali inapokea wale waliozidiwa tu. Karatasi haina kosa. Lakini kituo cha mtaa hakina dawa, ao muuguzi wake amegoma kwa sababu ya prime, ao kinafungwa saa tisa ya mchana, basi malaria ya mtoto inangoja nyumbani siku 3 na inafika hospitali kuu ikiwa imekwisha panda kichwani, usiku, pamoja na mifupa yote ya barabarani.

Na pesa? Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubali kwamba mgonjwa achangie kidogo, na wananchi wa mtaa wasimamie mchango huo. Angalieni sehemu ya pili. Wananchi wasimamie. Kwetu tulibaki na sehemu ya kwanza. Mchango mdogo ukawa ndio mshahara wa muuguzi, mafuta ya jenereta, sabuni, karatasi za ofisi, na pia ile bahasha inayopanda juu. Hospitali ikawa inaishi kwa kumla mgonjwa. Mkurugenzi ambaye Leta haimtumii pesa ya kuendesha hospitali, na ambaye wauguzi wake nusu hawana mshahara, anamuona mgonjwa asiyelipa kama mwizi wa chakula cha watoto wake. Tunamuelewa. Tuliongea na mmoja wao, mzee mwenye heshima, akatuambia: "Batoto, nikifungua geti leo, mwisho wa mwezi sitakuwa hata na muganga moya." Tunaamini alisema ukweli.

Lakini kuelewa si kusamehe. Uongozi ni nini kama si kusema juu, kwa maandishi na kwa jina lako, kwamba hivi haiwezekani? Tunauliza: ni wakurugenzi wangapi wameandika barua kwa gavana na kubandika nakala yake ukutani? Ni wangapi wanajua, leo asubuhi, vitanda vingapi vina watu waliopona? Tulimuuliza yule mzee. Hakujua. Alidhani "labda wawili watatu". Walikuwa 6 kwenye wodi moja.

Na tuseme pia lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika. Kiti cha mkurugenzi mara nyingi hakitafutwi kwa mitihani. Kinatafutwa kwa chama, kwa kabila, kwa mjomba aliye karibu na mkubwa. Ukipata kiti kwa simu, utakuwa mtumwa wa simu. Ndiyo maana usiku ule, tukiwa bado tunangoja, gari lilifika na kijana wa mkubwa fulani mwenye kidonda cha mkono. Simu ilipigwa. Kitanda kikapatikana kwa dakika 10. Hatukuona kikitoka wapi.

Wazee wetu wakianza kuongea juu ya Gécamines hawamalizi, na sisi tunajifanya kuchoka. Lakini kwenye hili wana neno. Wanasema mtoto wa mfanyakazi alikuwa anapelekwa hospitali ya kampuni na hakuna aliyeuliza kosyo. Tusiipake sukari: ilikuwa ya wafanyakazi tu, na mizizi yake ni ya koloni, iliyotaka mikono yenye nguvu mgodini. Ila ilikuwepo. Ikaanguka miaka ya 1990, na kwenye mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile walichokiita kuondoka kwa hiari. Pamoja na kazi, familia nyingi zilipoteza na matibabu. Watoto wa wale watu ndio sisi.

Leo shaba inatoka kuliko zamani. Kongo ni ya kwanza duniani kwa kobalti, na kwa shaba iko nyuma ya Chile tu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa malipo ya redevance wazi kabisa: asilimia 50 serikali ya Kinshasa, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 eneo la chini ambapo mgodi uko, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Basi lori lililovunja mguu wa leki yetu lilikuwa limebeba, kwa sheria, kipande cha kitanda chake. Lori lilipita Kasumbalesa, shaba ikaenda zake. Kitanda kiliishia wapi? Tunauliza gavana, tunauliza madepite wa jimbo, wanaopitisha bajeti kila mwaka: kwenye ile asilimia 25, ngapi ilifika kwenye vyumba vya dharura? Tupeni namba, hatutaki hotuba.

Aprili 2001, kule Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wengi wetu tulikuwa bado hatujazaliwa ao tunabebwa mgongoni. Tumekua, tumesoma, tumepata diplome, tumekosa kazi, na Kongo bado haijafika kwenye hiyo 15. Na kidogo kinachopatikana kinaonja midomo mingi. Machi 2020 Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka 5 ya kazi za kulazimishwa kwa pesa zaidi ya dola 400,000 zilizokuwa za kupambana na Ebola. Mwenyewe alikana. Kwa hesabu ya fakture ya leki yetu, dola 400,000 ni wagonjwa 625 kutoka nje ya geti.

Kwa nini hawaoni haraka? Kwa sababu hawalali kwenye korido zetu. Mobutu, ambaye hospitali kubwa ya Kinshasa ilibeba jina la mama yake, alipougua mwaka 1996 alienda kupasuliwa Uswisi, na mwaka uliofuata akafia Rabat. Mzee Étienne Tshisekedi, aliyepigana miaka mingi na Mobutu, naye alifia Bruxelles Februari 2017. Hatuwacheki wafu. Tunaona tu kwamba mtawala na mpinzani wake, waliotofautiana kwa kila kitu, walipatana juu ya jambo moja: hospitali za hapa si za kwenda.

Tuseme na makosa yetu, maana kuna mtu atayasema chini hapa. Sisi vijana tunakimbilia chumba cha dharura kwa kichwa kinachouma kwa sababu pale kuna munganga wa bure kumuona kwa macho. Tunatukana wauguzi, wengine wetu wamepiga wauguzi, na hiyo ni aibu. Tunachukia simu toka juu mpaka siku tunapokuwa na namba ya mkubwa. Usiku ule mmoja wetu alikuwa na namba. Aliipiga. Haikupokelewa. Kama ingepokelewa, huenda leki yetu angekuwa na miguu miwili na sisi tusingeandika ukurasa huu, na mtu mwingine wa korido ndiye angekuwa amekatwa. Tumelijadili hilo kikundi kizima, tumegombana, hatukumaliza.

Kuna mambo yanahitaji pesa nyingi, na kuna mambo yanahitaji mtu wa kuamua tu. Kumpanga mgonjwa kwa uzito wa hali yake kunahitaji muuguzi mmoja kwenye mlango, saa, kipima presha, kipima joto na rangi nne. Ndugu zetu wa Cape Town walitengeneza utaratibu huo zaidi ya miaka 15 iliyopita kwa ajili ya hospitali zenye watu wengi na mashine chache: unahesabu pumzi, unahesabu mapigo ya moyo, unaangalia kama mtu anatembea, kama anajibu, joto, presha, ana jeraha ao hana. Mwekundu anaingia sasa hivi. Wa rangi ya machungwa anafuata. Wa njano anangoja. Wa kijani anaweza kungoja zaidi ao kurudishwa kituo cha mtaa. Hakuna rangi ya kosyo. Hakuna rangi ya mtoto wa mkubwa. Usiku ule hakuna mtu aliyehesabu pumzi za mtu yeyote kwenye korido. Aliyekuwa na pesa aliitwa kwanza, na asiyekuwa nayo alihesabiwa asubuhi.

Na wauguzi wako. Wako majumbani, diplome za ISTM ziko chini ya godoro, wanauza mandazi na unite. Sisi wenye diplome nyingine tunawajua, tunakaa nao kwenye mabenchi yale yale. Mnataka kutuambia nchi imekosa watu?

Tunachotaka, basi. Mtu aliyeandikiwa na munganga kwamba anaweza kurudi nyumbani atoke siku ile ile. Atie sahihi karatasi ya deni, alipe kidogo kidogo, na asiyeweza kabisa alipiwe na mfuko wa jimbo unaotoka kwenye ile asilimia 25 ya madini. Hili ni la kwanza na hatutalipunguza bei, kwa sababu ndilo linafungua wodi, na wodi ikifunguka korido inapumua. Septemba 2023 serikali ilianzisha kule Kinshasa uzazi wa bure, mama anazaa na hospitali inalipwa na Leta. Tuliusifu na bado tunausifu. Kama Leta inaweza kulipa kwa ajili ya uzazi, inaweza kulipa masaa 24 ya kwanza ya mtu anayevuja damu. Glavu na serumu ziwe ndani ya chumba cha dharura, si ng'ambo ya barabara. Na kila asubuhi, kwenye ukuta wa geti, si kwenye ofisi, kibandikwe: vitanda vingapi, watu wangapi wamepona na bado wako ndani, pesa ngapi iliingia jana. Mkurugenzi anayeogopa ukuta huo atuambie anaogopa nini. Wauguzi wanaofanya kazi bila matrikule waingizwe kwenye orodha ya malipo, na viti vya ukurugenzi vitangazwe, watu washindane kwa mitihani, mbele ya macho.

Leki yetu ametoka. Tulimaliza kulipa siku ya 17. Yaya mmoja aliuza simu yake, mwingine aliuza kompyuta aliyoandikia kazi yake ya mwisho ya chuo. Yule mama wa fakture tulimuacha ndani. Alitushika mkono pale getini akasema tu: "Mwende muzuri."

Kwa hiyo Jumatatu ijayo, saa moja ya asubuhi, tutakuwa mbele ya geti. Tumekwisha kumuandikia meya barua ya kumjulisha, kama kifungu cha 26 cha Katiba kinavyotaka, na tuna nakala yenye mhuri wa mapokezi. Hatutafunga njia, gari la mgonjwa lipite, moto ipite, muuguzi apite. Tutakaa chini, kila mmoja juu ya kartoni yake. Saa tatu tutaomba kuingia watu 5 tu, pamoja na mkurugenzi kama anapenda, tuhesabu waliopona. Wakikataa, tutawahesabu kwa familia zao zinazoleta chakula saa sita, tutaandika namba kwenye karatasi kubwa na kuibandika wenyewe. Jumanne tena. Jumatano tena.

Leteni kartoni, daftari, maji ya kunywa. Msilete mawe, msilete bendera ya chama chochote. Anayetaka kuchangia kwa ajili ya yule mama, fakture yake ni dola 380, na hapo getini tutakuwa na mtu mwenye daftari la michango na ndugu wa mama mwenyewe pembeni yake.